Utafiti usiohakikiwa na sheria za mtandao: dhima ni ya nani?

Tarehe 10 Januari 2025, Jaji Laura Provinzino wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, alitoa uamuzi uliowachekesha baadhi ya watu na kuwahuzunisha wengine. Mbele yake ilikuwapo kesi ya kupinga sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2023, inayokataza kusambaza video, picha au sauti za kughushi zilizoundwa kwa kompyuta kwa nia ya kuathiri uchaguzi. Katika kuitetea sheria hiyo, ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ilimwita shahidi mtaalamu, Profesa Jeff Hancock wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwanazuoni aliyetumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyodanganyana kwa njia ya teknolojia. Profesa aliandika tamko lake, akalithibitisha kwa nguvu ya kiapo, nalo likafikishwa mahakamani. Ndani yake mlikuwa na marejeo mawili ya makala za kitaalamu ambazo hazipo popote duniani, na rejeo la tatu lililobandikwa majina ya waandishi wasiohusika nalo.

Naam, bingwa wa udanganyifu wa kompyuta, katika kesi inayohusu udanganyifu wa kompyuta, alidanganywa na kompyuta. Alipoulizwa alieleza kwamba aliitumia programu ya akili mnemba kumsaidia kuandaa tamko, na kwamba mahali alipojiwekea alama ya kumkumbusha kuingiza rejeo baadaye, programu iliichukua alama ile kama agizo, ikatunga rejeo. Akaomba radhi, akashikilia kwamba hoja zake za msingi zilikuwa sahihi. Jaji hakumlaumu kwa kutumia akili mnemba katika utafiti. Alichosema ni kwamba marejeo ya kubuni yamevunja imani ya mahakama kwa shahidi huyo. Tamko likawekwa kando, na ombi la kuleta jingine lililosahihishwa likakataliwa.

Msomaji aliyezoea ukurasa huu anaijua sanadi: habari hupimwa kwanza kwa kuangalia imepokewa kutoka kwa nani, na huyo naye aliipokea kwa nani. Rejeo katika makala ya mwanazuoni lina kazi iyo hiyo. Ni mlango anaoachiwa msomaji ili aende akajionee mwenyewe. Mlango uliochorwa ukutani kwa rangi hauna faida kwa yeyote, hata kama nyumba yenyewe ni imara.

Yapo mambo mengi ya kielimu ambamo kosa la namna hii lingeishia kwenye aibu ya mwandishi na mhariri wake. Katika sheria za mtandao haliishii hapo. Teknolojia hubadilika upesi kuliko mabunge yanavyoweza kujifunza. Mbunge aliyekwisha kusikia kilio cha wananchi wake juu ya madhara ya mtandao huhitaji takwimu kabla ya kikao cha wiki ijayo, na takwimu hizo huzichukua kwa yule aliyejitokeza wa kwanza akiwa na jina la chuo kikuu nyuma yake. Kwa hiyo umbali kati ya meza ya mtafiti na mlango wa gereza ni mfupi sana. Ushahidi wa jambo hili tunao tangu mwaka 1995, mtandao ulipokuwa bado mchanga, na inafaa kuurejea kwa kina kwa sababu karibu kila kosa tunalolishutumu leo lilikwisha kutendeka wakati ule, bila ya mashine yoyote ya kutunga maneno.

Mwezi Juni 1995, jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Georgetown kilichoko Washington lilichapisha makala ndefu ya Marty Rimm, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Makala ilihusu biashara ya picha chafu katika mtandao. Kichwa chake peke yake kilijaa hesabu: picha, maelezo na hadithi 917,410, zilizochukuliwa mara milioni 8.5 na wateja katika miji zaidi ya 2,000. Jarida la habari la Time lilipewa makala hiyo kabla ya wengine, kwa makubaliano kwamba litakuwa la kwanza kuitangaza, nalo likaifanya habari ya jalada katika toleo la tarehe 3 Julai 1995. Takwimu moja ndiyo iliyoshika vichwa vya watu: asilimia 83.5 ya picha katika mabaraza ya Usenet ni picha chafu.

Takwimu hiyo ilitembea haraka. Tarehe 26 Juni 1995, gazeti lilipokuwa ndiyo kwanza linaingia sokoni, Seneta Charles Grassley alisimama katika Baraza la Seneti akautaja utafiti huo. Katika maneno yake asilimia 83.5 haikuwa tena ya picha za mabaraza fulani yaliyochunguzwa kwa muda mfupi. Ilikuwa ya picha zote zilizomo katika intaneti. Hakuna aliyemsahihisha pale pale, kwa kuwa makala yenyewe ilikuwa haijasomwa na mtu aliyeweza kumsahihisha.

Wataalamu walipoipata hatimaye, walishangaa. Donna Hoffman na Thomas Novak, maprofesa wa masoko katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, waliichambua hesabu kwa hesabu. Walionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya zile picha na hadithi 917,410 haikutoka katika intaneti iliyo wazi kwa watu wote. Ilitoka katika vituo binafsi vya kompyuta, vya watu wazima, ambavyo mteja alivipigia kwa simu na kuvilipa. Anayehesabu chupa ndani ya kilabu cha pombe kisha akatangaza kiasi cha ulevi wa mji mzima, hesabu yake ya chupa yaweza kuwa sahihi kabisa, na tangazo lake likawa batili. Kwa mujibu wa takwimu za Rimm mwenyewe, ujumbe wenye picha chafu haukufika nusu ya asilimia moja ya ujumbe wote wa mtandaoni, na katika tovuti 11,576 zilizotazamwa, zilizokuwa na picha za aina hiyo zilikuwa tisa. Hesabu hizo mbili zilikuwamo katika makala ile ile. Hazikupata jalada la gazeti.

Ilikuwaje makala ya namna hiyo ikapita? Kwanza, majarida ya sheria ya vyuo vya Marekani, kinyume na majarida ya tiba au ya fizikia, kwa kawaida huhaririwa na wanafunzi wa sheria. Vijana hao ni hodari wa kukagua rejeo la kesi. Lakini makala ya kitakwimu juu ya mitandao ya kompyuta ilihitaji macho ya mtu mwingine, na utaratibu wa jarida haukulazimisha ipelekwe kwake. Kisha likaja lile sharti la siri. Waandishi walioalikwa kuandika maoni ya kuandamana na makala waliiona. Wengine waliotaka kuiona kabla ya kutoka walinyimwa. Mike Godwin, mwanasheria wa taasisi ya haki za watumiaji wa mtandao iitwayo Electronic Frontier Foundation, alikuwa miongoni mwa waliolalamika kwamba wataalamu wamefungiwa nje ilhali gazeti kubwa limefunguliwa mlango. Mwandishi wa habari akaamini kwamba jarida limehakiki, jarida likaamini kwamba chuo cha mtafiti kimehakiki, seneta akaamini gazeti. Kila mmoja aliweka amana yake kwa jirani, na hakuna jirani aliyekuwa nayo.

Lipo na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko lile la hesabu, ingawa halikuvuta watu wengi. Sehemu ya utafiti ilitumia kumbukumbu za kompyuta za chuo, zinazoonyesha watumiaji walifungua mabaraza gani. Watu hao hawakuombwa idhini. Aidha, yalizuka maswali kuhusu namna wenye vile vituo vya kulipia walivyoshawishiwa kutoa takwimu za wateja wao, na kama waliambiwa wazi kwamba wanaongea na mtafiti. Mwanasosholojia Jim Thomas wa Chuo Kikuu cha Northern Illinois aliandika kwa urefu kuhusu upande huu wa maadili, na Carnegie Mellon ikaunda kamati ya kuchunguza mwenendo wa utafiti. Inafaa ikumbukwe kwamba chuo hicho, mwezi Novemba 1994, kilikuwa tayari kimeamua kuyafunga mabaraza kadhaa kwa wanafunzi wake kwa kuyategemea matokeo ya awali ya utafiti huo huo. Yaani utafiti ulikuwa na nguvu ya sheria ndani ya chuo kabla ya kuchapishwa mahali popote.

Hapa najua kwamba baadhi ya wasomaji wetu wataguna. Watauliza: picha chafu si madhara ya kweli? Hazijavunja nyumba, hazijaharibu vijana? Kama takwimu ilizidishwa kidogo kwa ajili ya kuzuia uovu, ubaya uko wapi?

Ubaya wa picha hizo hauna ubishi kwangu. Lakini hoja ya kwamba nia njema huhalalisha hesabu mbaya hukanushwa na historia ya jambo lenyewe. Wiki tatu tu baada ya jalada lile, Time lilichapisha makala nyingine likikiri kwamba utafiti una kasoro kubwa. Rimm, aliyekuwa atoe ushahidi mbele ya kamati ya Seneti mwezi Julai, hakuitwa tena. Kuanzia hapo kila mzazi aliyesimama kulalamika kuhusu watoto na mtandao alijibiwa kwa kukumbushwa kashfa ya asilimia 83.5. Wenye biashara ya picha chafu hawangeweza kupata utetezi bora kuliko huo, tena haukuwagharimu hata senti.

Sheria yenyewe iliendelea na safari yake. Pendekezo la Seneta James Exon wa Nebraska lilikuwa limekwisha kupita katika Seneti tarehe 14 Juni 1995, kwa kura 84 dhidi ya 16, kabla ya makala ya Georgetown kutoka. Kwa hiyo si haki kusema kwamba Rimm ndiye aliyeizaa. Makala yake ilikuja wakati mjadala ukielekea katika baraza jingine la Bunge, ikauongezea moto. Rais Bill Clinton aliitia saini Sheria ya Staha katika Mawasiliano tarehe 8 Februari 1996, ikiwa sehemu ya sheria kubwa ya simu na utangazaji. Ilitishia kifungo cha hadi miaka miwili kwa atakayemwonyesha mtoto mambo yasiyo na staha kupitia kompyuta, bila kueleza vya kutosha mambo hayo ni yapi. Daktari anayeeleza maradhi ya zinaa angeweza kujiuliza kama yumo.

Tarehe 26 Juni 1997, miaka miwili kamili tangu hotuba ile ya Seneta Grassley, Mahakama ya Juu ilizitangua sehemu hizo za sheria. Hukumu aliiandika Jaji John Paul Stevens, wakajiunga naye wenzake sita, na wawili waliobaki wakakubaliana naye kwa sehemu. Miongoni mwa mambo aliyoyagusa ni hili: Bunge halikuwa na matokeo ya uchunguzi wa kina, wala halikufanya vikao vya kusikiliza ushahidi kuhusu matatizo mahususi ya sheria hiyo. Kwa lugha nyepesi, jengo lilikosa msingi. Mwaka 1998 Bunge likajaribu tena kwa sheria nyingine ya kuwalinda watoto. Hiyo nayo ikazuiwa mahakamani, haikuwahi kutumika, na kesi yake ikafikia tamati mwaka 2009. Ilipofika tarehe 27 Juni 2025 ndipo Mahakama hiyo hiyo ilipoikubali sheria ya jimbo la Texas inayozitaka tovuti za picha chafu zihakiki umri wa wanaoingia. Kati ya jalada la Time na uamuzi huo imepita miaka 30. Sababu za kuchelewa ni nyingi, na nyingi kati yake ni za kikatiba. Hata hivyo, anayedhani kwamba takwimu ya haraka huharakisha ulinzi wa watoto hana mfano wa kutuonyesha katika mkondo huu.

Sasa turudi kwenye zama zetu. Tofauti kati ya Rimm na tamko la Minnesota ni kwamba Rimm alifanya kazi kubwa, akakusanya vitu halisi, akavipa maana visivyostahimili. Leo hakuna haja ya kukusanya. Programu inayotunga sentensi hutunga na rejeo: jina la mwandishi linalosikika la kweli, jarida linalojulikana, mwaka, juzuu na ukurasa. Mwezi Juni 2023, Jaji Kevin Castel wa New York aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili wa abiria mmoja aliyelishitaki shirika la ndege la Avianca kwa kuumizwa goti na kitoroli cha chakula. Katika hoja zao walikuwa wametaja maamuzi ya mahakama ambayo hayakuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Tarehe 6 Juni 2025, Mahakama Kuu mjini London ilishughulikia shauri la madai ya pauni milioni 89 ambamo, kati ya marejeo 45 yaliyowasilishwa, 18 yalikuwa ya kesi zisizokuwapo. Wakili alieleza kwamba aliutegemea utafiti uliofanywa na mteja wake. Mteja ndiye aliyemfanyia wakili utafiti wa sheria! Mahakama ikaonya kwamba wanaofanya hivyo wanaweza kushitakiwa kwa kuidharau mahakama.

Mahakamani angalau kuna mpinzani. Wakili wa upande wa pili hulipwa kwa kazi ya kutafuta kasoro, na ndivyo marejeo ya Minnesota yalivyogunduliwa: mawakili wa wapinzani waliyatafuta, hawakuyaona. Makala ya jarida haina mpinzani anayelipwa. Ina mhariri, pengine na mwanazuoni mmoja au wawili wanaoipitia bila malipo, usiku, baada ya kazi zao. Rejeo la kubuni likipita hapo, makala inayofuata huinukuu makala ya kwanza, ya tatu huinukuu ya pili, na baada ya miaka michache uongo una ukoo na nasaba. Mshauri wa kamati ya Bunge anayeandaa muswada wa makosa ya mtandao atalikuta limezungukwa na mashahidi.

Wapo wanaosema dawa ni adhabu: anayechapisha takwimu potofu afungwe. Tanzania inao uzoefu katika jambo hili. Mwezi Septemba 2018 Bunge liliirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, likaweka sharti la kupata kibali cha Ofisi ya Taifa ya Takwimu kabla ya kuchapisha, na kukataza takwimu zinazopotosha au kudhoofisha takwimu rasmi, pamoja na faini na kifungo. Watafiti walitishika. Benki ya Dunia ikatangaza wasiwasi wake, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na masharti hayo kulegezwa. Matatizo ya dawa hiyo hayahitaji siasa kuyaeleza. Hoffman na Novak waliipinga takwimu ambayo wakubwa walikuwa wamekwisha kuikubali. Chini ya sheria ya aina ile, wao ndio ambao wangehitaji kibali.

Kwa mtazamo wangu, mzigo mkubwa uko kwa mhariri kabla ya kufika kwa askari. Mhariri wa jarida la sheria anaweza kumtaka mwandishi aweke data yake mahali ambapo mwingine ataipima upya. Anaweza kukataa makubaliano ya kulipatia gazeti moja makala huku wataalamu wakifungiwa. Anaweza kuuliza: hawa watu uliowachunguza, walijua? Swali hili la mwisho ndilo hupuuzwa zaidi katika utafiti wa mtandaoni, kwa dhana kwamba kilichoandikwa mahali pa wazi ni mali ya kila mtu. Mwanamke aliyeandika shida zake za ndoa katika kundi la watu ishirini, akijiona yuko miongoni mwa dada zake, hakuandika ili awe mfano katika jedwali la tatu. Kumficha jina hakutoshi pia. Maneno yake yakinukuliwa neno kwa neno, yeyote anaweza kuyatafuta na kumfikia kwa dakika moja.

Ama kuhusu mwandishi wa habari, na sisi tumo, ule mkasa wa 1995 unatuhusu kwa namna isiyopendeza. Mwandishi aliyeahidiwa kuwa wa kwanza huogopa kumwonyesha mtaalamu makala asije akanyang'anywa habari. Ahadi ya kuwa wa kwanza ndiyo iliyomziba macho. Nasi hapa hupokea ripoti za taasisi mbalimbali kuhusu wizi wa mtandaoni na udhalilishaji wa watoto, zikiwa na asilimia zilizonakshiwa vizuri katika ukurasa wa kwanza, na ufafanuzi wa namna zilivyopatikana ukiwa ukurasa wa 60, ukiwapo. Mhariri anataka asilimia kabla ya saa kumi jioni.

Vyuo vyetu navyo vina vijana wanaoandika tasnifu kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wengi wao wakiwa mbali na maktaba yenye majarida ya kulipia, wakiona muhtasari wa makala tu na si makala yenyewe. Kijana wa namna hii akiiomba programu impatie marejeo kumi, atapewa kumi, na huenda asiwe na njia ya kuyafungua hata yale ya kweli. Msimamizi wake akiyapitisha bila kuyatafuta, kosa ni la nani kati yao wawili? Chuo kinachotaka kujibu swali hilo kianze kwa kumpa kijana njia ya kuifikia makala kamili, kisha kimtake msimamizi afungue marejeo, japo matano kati ya kumi, kabla ya kutia saini.